Viru: tunda tulilolichoma kama kuni

Toleo lililopita tuliongea juu ya mchicha wa kwenye magunia, na wengi mmetuletea habari kwamba umeota vizuri. Asanteni. Mwezi huu sileti mbegu mpya. Nataka niwaambie habari ya mti uliokuwa kwenye kiwanja changu mwenyewe miaka mingi, na mimi sikuujua mpaka siku tulipoukata.

Ilikuwa mwezi wa pili. Paa la jiko letu lilikuwa limelala upande mmoja kwa ajili ya mvua, na baba watoto alihitaji nguzo mbili tatu. Kwenda mbali kutafuta miti si jambo rahisi, mnajua wenyewe. Ukingoni mwa kiwanja, pale linapoanza korongo, kulikuwa na mti mdogo wenye mashina matatu, urefu wake kama mita nne hivi. Akaukata. Shina nene likawa nguzo, matawi tukayatandaza juani yakauke yawe kuni. Ulikuwa na matunda mengi, ya kijani, magumu. Watoto wakayaokota wakacheza nayo gololi.

Jioni jirani yetu akapita. Ni mama mzee wa zaidi ya miaka sabini, ametoka milima ya Fizi, na hapa kwetu wakubwa kwa wadogo wanamwita Koko. Akasimama. Akaangalia matawi. Kisha akaketi chini, kitenge chake kwenye vumbi, akaanza kuokota yale matunda moja moja.

"Mwanangu," akaniuliza, "huu mti muliukata juu ya nini?"

Nikamwambia, "Nguzo za jiko, Koko."

"Hii ni viru. Hii ni chakula."

Hakusema neno lingine. Akayafunga matunda kwenye kitenge, akaenda nayo kwake. Mimi nikabaki nimesimama na aibu yangu. Baada ya siku nane akatuma mjukuu wake kutuita. Alikuwa ameyaweka ndani ya chungu, juu ya majani makavu, akafunika. Yale machanga yalikuwa yamesinyaa tu, hayafai. Lakini yale yaliyokuwa yamekomaa yalikuwa yamegeuka rangi ya kahawia, laini, na chungu kilipofunuliwa harufu tamu ikajaa nyumba. Akampa kila mtoto matatu. Mwanangu wa miaka tisa, yule aliyekuwa akiyarusha kama mawe, alinyonya mpaka mbegu zikabaki nyeupe. Akaniuliza, "Mama, haya hayapo tena?"

Sikuwa na jibu zuri la kumpa. Ndiyo sababu ninaandika habari hii.

TUNDA LENYEWE NI LIPI?

Mviru ni mti mdogo au kichaka kikubwa. Mara nyingi hauzidi urefu wa mita saba. Hukua kwenye misitu ya miombo, kwenye vichuguu, kando ya mawe na makorongo, hata mahali penye udongo duni. Majani yake hutoka mawili mawili, yakitazamana kwenye tawi. Ni mapana, na aina iliyo nyingi huku ina majani yenye manyoya laini. Ukiyashika unaona kama unashika kitambaa cha blanketi. Wakati wa kiangazi hupukutika. Mvua za kwanza zikikaribia hutoa maua madogo ya rangi ya kijani-manjano, yakiwa kwenye mafungu, na baada ya miezi kadhaa matunda huiva. Ukiyatafuta nusu ya kwanza ya mwaka utayakuta.

Tunda ni la mviringo, kubwa kama ndimu ndogo au dogo kuliko hapo. Likiwa bichi ni la kijani, gumu, linang'aa. Likiiva linakuwa kahawia au manjano yenye ukahawia, na ngozi yake inakuwa kama ngozi nyembamba ya kiatu. Kwenye kitako utaona alama ya duara, pale ua lilipokuwa. Ndani kuna nyama laini kama unga uliolowana, na mbegu ngumu kama kijiti, mara nyingi tatu mpaka tano. Ladha yake ni tamu yenye uchachu. Walioonja tofaa wanasema linafanana nalo. Mimi naona kama unga wa ubuyu uliochanganywa na ndizi iliyoiva sana.

Wataalamu wa mimea wanauweka mviru katika jamii moja na mkahawa. Jina lao la kitaalamu kwa kundi hili ni Vangueria, na kundi hili lina ndugu wengi. Wengine wana majani ya manyoya, wengine majani yao ni laini yasiyo na manyoya. Wapo Tanzania, Kenya, Uganda, Kongo, Rwanda, Burundi, na kwenda kusini kabisa mpaka Afrika Kusini. Kwa hiyo, msomaji, popote ulipotoka katika nchi zetu hizi, inawezekana kabisa bibi yako alilijua tunda hili, kwa jina la kikwenu.

MAJINA YANAYOFANANA KAMA NDUGU

Kwa Kiswahili tunasema mviru, na tunda ni viru. Wakikuyu wa Kenya wanauita mubiru. Wakamba wanasema kikomoa. Botswana ni mmilo. Wazulu kule Afrika Kusini wanasema umviyo. Hebu yatamke polepole: mviru, mubiru, mmilo, umviyo. Hayo ni majina ya watu wa nchi mbalimbali, lakini yanafanana kama watoto wa tumbo moja. Mti huu umetembea na wazee wetu siku nyingi.

Wazungu walipofika Afrika waliuita medla wa Afrika. Medla ni tunda lao la zamani, linalotoka pande za Bahari ya Kaspi na Bahari Nyeusi, likaenea Ulaya kwenye bustani za matunda. Kwa ukoo si ndugu wa viru. Lenyewe ni jamaa ya tofaa. Lakini tabia ni ileile: likichumwa ni gumu na chachu, halilikiki. Lazima liwekwe siku kadhaa kwenye majani makavu mpaka ligeuke kahawia na kulainika. Kama Koko alivyofanya na chungu chake! Karne zilizopita watu wengi wa Ulaya walilipenda sana, kwa sababu lilikuwa tunda la kula wakati wa baridi. Kisha sukari na matunda ya nchi za mbali yakawa mengi sokoni, na vijana wakaliacha. Leo Ulaya kuna watu wengi ambao hawajawahi kuliona. Kusahau chakula cha wazee si jambo letu peke yetu.

Kuna jambo lingine la kushangaza. Msafiri mmoja Mwingereza, William Burchell, ndiye aliyeandika jina la kitaalamu la aina moja ya mviru mwaka 1824. Akaiita infausta. Kwa Kilatini maana yake ni isiyo na bahati, yenye mkosi. Kule kusini mwa Afrika kuna watu walioamini kwamba mti huu usichomwe. Walisema ukiufanya kuni, ng'ombe wako watazaa madume tu. Mimi sina ng'ombe, na sijui habari za mikosi. Lakini niliposikia hivyo nilifikiri: pengine wazee walitafuta njia ya kuulinda mti wa chakula usiishie jikoni. Mtu ukimwambia "usikate, utakula kesho," anaweza asisikie. Ukimwambia "utapata mkosi," anaweka panga chini.

KWA NINI TULILISAHAU?

Nilimuuliza Koko. Nilidhani atasema vijana hawasikii. Hakusema hivyo.

Alisimulia kwamba alipokuwa mtoto akichunga mbuzi, viru lilikuwa chakula cha mchana. Mama yake alikuwa anayapasua, anatoa mbegu, anayakausha, halafu anayatia kwenye kibuyu na kukining'iniza juu ya moto, pale moshi unapopita. Hayo yalikuwa ya miezi ya njaa. Vita ilipowafikia mwaka 1996, walikimbia usiku. Alichukua mtoto mgongoni, sufuria moja, na kile kibuyu. Kwenye mtumbwi wa kuvuka Ziwa Tanganyika hapakuwa na chakula kingine. Aliloweka maviru makavu kwenye maji ya ziwa, akampa mtoto anyonye. "Huyo mtoto njo huyu baba unamuona," aliniambia, akimwonyesha mwanawe wa kiume ambaye sasa ana watoto wanne.

"Sasa Koko," nikasema, "kwa nini hamkuendelea?"

Akacheka kidogo. "Tulifika hapa, tukapewa unga, maharagwe, mafuta, chumvi. Nani tena atasumbuka na tunda ya mbuzi? Na tuliona haya. Ukionekana unaokota za porini, watu wanasema huyu nyumba yake imekwisha. Basi sikuwaonyesha watoto. Niliona ni mambo ya taabu, heri wasijue."

Msomaji, maneno hayo yaliniingia. Sisi hatukulisahau tunda kwa sababu ni baya. Tulilisahau kwa sababu lilitukumbusha siku mbaya. Na mtoto aliyeokolewa nalo hakufundishwa kulitambua. Mgao ulipopunguzwa mwaka 2023 na kila nyumba ikaanza kuhesabu vikombe vya unga, miti ya viru ilikuwa bado imesimama kwenye makorongo yetu. Sisi tulipita tukiitazama kama kuni. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mgao unapanda, unashuka. Anachokijua mtu kinakaa naye.

LINATUSAIDIA NINI MWILINI?

Nisiwadanganye: viru halishibishi nyumba. Halichukui nafasi ya ugali wala maharagwe. Kazi yake ni nyingine.

Chakula kikavu cha mgao kinatupa nguvu, lakini mahindi, maharagwe makavu na mafuta karibu hayana vitamini C. Mwili wa binadamu hauwezi kuitengeneza wenyewe. Lazima uipate kwenye chakula, hasa matunda na mboga mbichi. Mtu akikosa kwa miezi kadhaa anapata kiseyeye: ufizi unavimba na kutoka damu, viungo vinauma, vidonda vinachelewa kupona. Ugonjwa huu si hadithi za mabaharia wa zamani tu. Katika miaka ya 1980 uliwapata wakimbizi wengi katika kambi za Somalia, Ethiopia na Sudan, watu waliokuwa wakiishi kwa chakula kikavu bila matunda wala mboga. Ndiyo maana unga wa uji wa lishe tunaopewa huongezewa vitamini, na ndiyo maana wahudumu wa afya hawachoki kutuambia tupande mboga.

Viru ni mojawapo ya matunda yenye vitamini C. Na kuna faida ya pili. Vitamini C ikiliwa pamoja na maharagwe au mboga za majani, inausaidia mwili kuyapokea vizuri madini ya chuma yaliyomo. Mama mjamzito na mtoto mdogo wanayahitaji sana madini hayo ili wasipungukiwe damu. Kwa hiyo usile viru asubuhi na maharagwe jioni. Yakutanishe kwenye mlo mmoja.

JIKONI: TUMEJARIBU WENYEWE

Mapishi haya tumeyajaribu mimi, Koko na akina mama wanne wa mtaa wetu. Baadhi ni ya Koko, mengine tumeyabuni kwa vitu vinavyopatikana hapa.

Kwanza, kuivisha. Chukua yale yaliyokomaa: makubwa, yanayoanza kupauka rangi. Yale yaliyoanguka chini yenyewe ni mazuri kama hayajaliwa na wadudu. Yaweke kwenye chungu au boksi lenye majani makavu, funika, angalia kila siku mbili. Yaliyolainika na kuwa kahawia yatoe utumie. Yaliyoota ukungu tupa.

Rojo la viru. Hili ndilo msingi wa mengine yote. Osha matunda 20 yaliyoiva, menya ngozi, weka kwenye bakuli. Mimina kikombe kimoja cha maji yaliyochemshwa yakapoa. Nawa mikono kwa sabuni, halafu yavunjevunje na kuyasugua mpaka mbegu ziachane na nyama. Pitisha kwenye chujio. Kama huna, tumia kitambaa cheupe kilichofuliwa. Utapata rojo zito la kahawia.

Uji wa watoto. Pika uji wako kama kawaida, lakini uwe mzito kidogo. Uepue. Ngoja upoe mpaka unaweza kugusa bakuli bila kuungua, ndipo utie rojo na ukoroge. Kwa sufuria ya watu watano rojo la matunda 20 linatosha. Kwa nini tusichemshe pamoja? Kwa sababu moto mkali unaharibu vitamini C. Ukichemsha, utamu unabaki lakini sehemu ya faida inapotea. Tuligundua pia kwamba uji huu unahitaji sukari kidogo sana, na nyumba isiyo na sukari inaunywa hivyohivyo. Watoto wangu hawakulalamika.

Dagaa kwa maji ya viru. Nyanya zikipanda bei, jaribu hivi. Osha dagaa kwa maji ya moto, toa mchanga, chuja. Kaanga kitunguu kwenye mafuta kidogo, tia dagaa, geuza mpaka wakauke kidogo. Punguza moto. Chukua rojo nusu kikombe, liongeze maji nusu kikombe, tia chumvi, mimina. Funika dakika tano tu, epua. Uchachu wa viru unafanya kazi ya limau, na ile harufu kali ya dagaa inapungua. Baba watoto, ambaye aliuliza kama tunataka kumlisha majani, aliongeza ugali mara mbili.

Kitoweo cha mihogo na viazi. Weka rojo kwenye sufuria ndogo, tia sukari vijiko viwili na chumvi kidogo sana, koroga kwenye moto mdogo mpaka lishike mwiko. Chovya mihogo iliyochemshwa au viazi vitamu. Wenye uwezo wa sukari wanaweza kuongeza mpaka nusu kikombe kwa kila kikombe cha rojo na kupika muda mrefu. Inakuwa kama jemu ya kupaka chapati. Lakini itumieni ndani ya siku chache, hatuna friji.

Maviru makavu. Hii ndiyo ya Koko. Pasua tunda lililoiva, toa mbegu, tandaza nyama na ngozi yake juu ya mkeka safi au ungo, funika kitambaa chepesi dhidi ya nzi. Siku tatu mpaka tano za jua kali zinatosha. Ingiza ndani kila jioni. Ni tayari ukikunja na hakuna unyevu unaotoka. Hifadhi kwenye kopo lenye mfuniko, mahali pakavu. Ukitaka kutumia, loweka usiku kucha kwenye maji safi. Jua nalo hupunguza vitamini C, kwa hiyo makavu hayafikii mabichi. Lakini mwezi wa kumi, kabla mboga hazijaota, utashukuru kuwa nayo.

Ombi moja hapa: msifunike wala msitandaze chakula kwenye chandarua chenye dawa, hata kama ni cha zamani. Ile dawa ni ya mbu, haitakiwi kugusa chakula.

Kule kusini mwa Afrika kuna watu wanaoyafanya pombe, tena kali. Najua wapo mtakaoniuliza. Hayo mapishi hayaingii kwenye gazeti hili!

TAHADHARI KWA WAZAZI

Usile tunda la porini kwa kusoma gazeti tu. Maelezo yangu yanakusaidia kutafuta, hayatoshi kukuhakikishia. Kabla ya kula mara ya kwanza, mwonyeshe mzee anayelijua, au mwenyeji wa vijiji vya jirani. Kwenye misitu hii yapo matunda yanayofanana kwa mbali na mengine yana sumu. Na usidanganyike kwa kuona ndege au nyani anakula. Tumbo la nyani si tumbo la mtoto wako.

Watoto wadogo wapewe rojo lililochujwa, si tunda zima. Mbegu ni ngumu na inaweza kuwakaba koo. Mtoto ambaye hajatimiza miezi sita ni maziwa ya mama peke yake, hata viru liwe tamu namna gani.

Usitume watoto peke yao porini kutafuta matunda. Akina mama mnajua yaliyowahi kuwapata wenzetu kwenye njia za kuni. Nendeni kwa kundi, mchana, na mfuate utaratibu wa kutoka kambini. Mti ulioko kwenye shamba la mwenyeji ni wa mwenyeji. Omba. Mama mmoja wa mtaa wetu aliomba ruhusa kwa mzee wa kijiji jirani kuokota yaliyoanguka, na yule mzee alishangaa kwamba kuna mtu bado anayataka. Akamwambia, kwao pia vijana wameyaacha. Sasa wanaokota pamoja, na yeye anapelekewa kopo moja la maviru makavu.

Kama mtoto ana damu kwenye ufizi, amevimba miguu au amekonda, usikae nyumbani ukimtibu kwa tunda. Mpeleke kliniki siku hiyohiyo.

TUPANDE, NA TUACHE YASIMAME

Mbegu za viru zina ganda gumu na huota polepole. Moja inaweza kuchomoza mapema na nyingine ikachelewa wiki nyingi. Usikate tamaa ukang'oa. Sisi tuliziosha mbegu, tukaziloweka maji siku mbili, tukapanda 30 kwenye mifuko ya plastiki yenye udongo na samadi ya mbuzi. Mpaka leo zimeota 11. Tunazimwagilia maji ya kuoshea vyombo yasiyo na sabuni nyingi. Miche ikifika magotini tutaigawa, nyumba moja mche mmoja, ipandwe nyuma ya jiko au kando ya bafu ambako maji yanapita.

Wapo watakaosema, "Sisi tuko safarini, nani atakula matunda ya mti ninaopanda leo?" Ni swali la haki. Wengine tunatarajia kurudi, wengine tunangoja majibu, na hakuna anayejua ya mwakani. Nilimpelekea Koko swali hilo. Akasema yule aliyepanda viru kule kwao naye hakujua nani atakula. Kisha akaongeza kwamba mti usipopendwa na aliyepanda, utapendwa na mwenye nchi. Na mwenye nchi akila tunda la mti wako, amekukumbuka kwa jema.

Na ule mti tulioukata? Nguzo ipo, imeshika paa la jiko. Kila nikipika naiona. Kisiki nilidhani kimekufa. Lakini mvua za mwisho zilipopita, baba watoto aliniita nije nione: machipukizi sita, yenye majani laini kama blanketi. Amekizungushia fito na miiba ili mbuzi wasifike. Mwanangu wa miaka tisa ndiye mlinzi. Ole wake mtoto wa jirani atakayesogea na panga. Tumeacha machipukizi matatu yenye nguvu, mengine tumeyapunguza. Tunangoja.

KAZI YA NYUMBANI KWA FAMILIA

Mwezi huu, jioni moja baada ya chakula, mkalishe mzee wa nyumba au wa jirani, na watoto wawepo. Muulizeni mambo matatu: Ulipokuwa mtoto mlikula matunda gani ya porini? Yaliitwaje kwa kikwenu? Mliyapikaje? Mtoto anayejua kuandika aandike. Tunataka kupata jina la viru kwa Kibembe, Kifuliiru, Kirundi, Kinyarwanda, Kiha na lugha nyingine za hapa kambini. Leteni karatasi zenu kwenye sanduku la gazeti, au mpeni mjumbe wa mtaa wenu. Tutayachapa yote, na picha za miti zitakazochorwa na watoto tutazibandika kwenye ubao wa shule.

Msingoje mpaka mzee aumwe ndipo mkumbuke kuuliza. Koko ameanza kuchoka siku hizi, lakini akili yake ni kali kama wembe. Juzi alinitajia matunda mengine saba ambayo sijawahi kuyasikia. Nimeyaandika yote, na moja tumeshaliona kwenye korongo.

Basi kwa leo tuishie hapa. Ukipita mahali ukaona mti usioujua, kabla hujapiga panga, uliza kwanza unaitwaje. Mungu awatunze, tuonane toleo lijalo.